Nambari Nne Nyuma ya Shuka

Thornclough,
Jumapili, 15 Septemba 1968

Mpendwa Muriel, mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Ted na ng'ombe wenu, ambao kwa jinsi unavyowaandika naona ni watu wazima wanaostahili kuamkiwa. Sisi huku hatujambo. Mvua ilianza Jumanne na bado haijaona sababu ya kuacha. Paka wa jirani amezalia ndani ya sanduku langu la kofia. Mwanao Janet mzima. Hospitalini anakosomea uuguzi wanamsifu, na ameshajifunza kufunga mlango wa mbele bila kuamsha mtaa. Pai yetu ya viazi anaiita chakula cha msiba, ila sahani yake hurudi nyeupe kama imeoshwa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Chama chetu cha Opera kinatimiza miaka hamsini mwezi Machi, na halmashauri imeamua kuirudia "Binti wa Kivuko". Huwezi kuwa umeisahau: Zelinda, msichana wa miaka kumi na tisa anayevusha watu mtoni, na mwana wa mfalme aliyejifanya mvuvi. Mwaka arobaini na sita niliicheza mimi, baada ya koo lako kukauka asubuhi ile ya majaribio. Kama si koo lile, nani ajuaye. Lakini lililopangwa limepangwa, na tangu hapo nimecheza wasichana wa miaka kumi na tisa kila mwaka kwa miaka ishirini na miwili, na sijasikia mtu akilalamika. Harold Sugden, muuza nyama, bado ndiye mwana wa mfalme. Yeye ana miaka sitini na mmoja na wigi lake lina ishirini.

Basi sikia vituko. Bwana Ormerod, mwenyekiti wetu, yule wa benki, amekuja na sheria mpya. Safari hii kila anayetaka nafasi ataimba nyuma ya shuka, kwa nambari, halmashauri isimwone uso. Majina yatatiwa ndani ya bahasha na mchungaji ataishika. Eti ni kwa ajili ya haki. Haki gani katika mji ambao mtu anajulikana kwa kikohozi chake? Nikamwambia, "Stanley, sauti yangu unaijua tangu hujaota ndevu." Akasema, "Ndiyo, Hilda. Ndiyo maana." Kisha akaanza kuvitazama viatu vyake.

Janet anataka kujaribu naye. Nimemwambia ajaribu, ushindani huwajenga vijana. Jioni namfundisha wimbo wa Zelinda jikoni, huku tukimenya viazi. Ana sauti nzuri, bado mbichi kidogo. Hana haja ya kutarajia makubwa.

Msalimie Ted.

Dada yako,
Hilda


Te Awamutu,
New Zealand, 6 Oktoba 1968

Mpendwa Dada Hilda,

Barua yako imefika, asante. Hatujambo. Ndama wa mwisho alizaliwa Alhamisi kwa kutanguliza matako, na Ted aling'olewa jino siku hiyohiyo, kwa hiyo nilikuwa na wagonjwa wawili na ni mmoja tu aliyenung'unika.

Nashukuru unamfundisha Janet. Naomba nikuulize: unamfundisha wimbo, au unamfundisha wimbo vile unavyouimba wewe? Nauliza tu. Hapa nyumbani alikuwa akiuimba huku anakamua, bila madoido yoyote, na maziwa hayakupungua.

Sikumwambia kamwe kwamba niliwahi kuimba. Wimbo huo aliupata kwangu nikiwa nafua, nadhani, maana mikono ikishika kazi mdomo haulindwi. Usimwambie na wewe.

Kuhusu koo langu la mwaka arobaini na sita, hayo ni ya kale. Sina la kuongeza.

Mdogo wako,
Muriel


Thornclough,
Jumapili, 3 Novemba 1968

Mpendwa Muriel,

Pole kwa jino la Ted. Huku tumeanza kuwasha moto tangu asubuhi, na bomba la uani limeganda mara moja tayari. Wale watoto wa paka nimegawa watatu, na wa nne ameamua kwamba mimi ni wake.

Majaribio yamepita. Yalifanyika Jumamosi katika ukumbi wa shule ya Jumapili, pale penye harufu ya mafuta ya taa na biskuti za zamani. Bi Ormerod alitoa shuka zake mbili za kitandani, zenye maua ya waridi, wakazianika kwenye kamba mbele ya kinanda. Tulikuwa wanne. Janet alivuta nambari mbili na mimi nikavuta nne. Halmashauri walikaa upande wa pili na karatasi zao, wakijitahidi kukaa kama watu wasiomjua yeyote.

Janet aliimba vizuri. Mimi niliimba kwa utulivu, bila kujionyesha. Mtu akifika umri wangu hana haja ya kujionyesha.

Wakanong'onezana kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Kisha Bwana Ormerod akasimama na shada la maua ya manjano mkononi, maua makubwa hasa, akatuambia kwamba kila jambo lina majira yake, na kwamba kuna watu katika chama hiki ambao utumishi wao hautasahaulika. Alikuwa akinitazama kwa huruma, nami nikamtazama kwa upole. Akasema kwamba Zelinda wa mwaka huu ni nambari nne, sauti mpya, changa, isiyo na mazoea, hasa kile ambacho chama kilikuwa kinakisubiri. Akamwomba mchungaji afungue bahasha.

Mchungaji akasoma: "Nambari nne. Bi Hilda Fielden."

Muriel, mtu mmoja aliangusha kisahani. Harold alianza kupiga makofi peke yake, kisha akaacha kwa sababu hakuwa na uhakika. Bwana Ormerod alibaki amelishika shada lake kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike kidogo. Mwisho akanipa. Angefanya nini? Sheria aliitunga mwenyewe.

Kwa hiyo nimeshinda kwa haki mbele ya watu wote, na bila kuonwa uso. Janet amewekwa na waitikiaji, safu ya nyuma, anabeba kikapu cha samaki wa karatasi. Hajalalamika. Aliosha vyombo vyote usiku ule bila kuambiwa.

Dada yako,
Hilda


Kadi ya Krismasi, iliyotumwa kwa ndege kutoka Te Awamutu, 10 Desemba 1968

Heri ya Krismasi kwa Hilda na Janet. Ted na Muriel.


Te Awamutu,
19 Januari 1969

Mpendwa Dada Hilda,

Samahani kwa kimya. Kulikuwa na majani makavu ya kuvuna, na tena sikujua niandike nini. Joto ni kali, ng'ombe wanasimama mtoni hadi magotini, na Ted amechomwa na jua kichwani pale palipobaki wazi. Ile kadi ilikuwa fupi, najua. Haikuwa kadi yenyewe iliyokuwa na tatizo.

Janet ameniandikia. Hakukusema vibaya, usidhani. Alisema ulimfundisha namna ya kuutetemesha mwisho wa wimbo, na kuvuta pumzi kwa kishindo kabla ya ile sauti ya juu, na kukohoa kidogo kabla ya ubeti wa pili. Alisema ulimwambia halmashauri wanayapenda hayo. Ananiuliza mimi alikosea wapi.

Hilda, mimi nimeishi nawe chumba kimoja miaka ishirini na mitano. Hicho kikohozi kidogo nakijua.

Nimjibu nini mtoto?

Muriel


Thornclough,
Jumapili, 23 Februari 1969

Mpendwa Muriel,

Huku theluji imefika kizingitini. Janet alikwenda kazini na buti za marehemu baba. Paka ameota tumbo. Natumaini Ted amepata kofia.

Barua yako niliiweka nyuma ya saa wiki tatu, na saa yenyewe ikawa haitazamiki.

Nitakuambia, halafu usiniulize tena. Walipoleta habari ya shuka nilijua maana yake. Mimi si mjinga, Muriel. Walitaka kunistaafisha bila kuniambia usoni. Wote wanaujua mtetemo wangu na pumzi yangu. Ilikuwa wakisikia sauti yangu waseme, "Hapana, kwa heri," na lawama iwe ya shuka. Kwa hiyo nikasema, vizuri, hawatanisikia. Nikafanya mazoezi ya kuimba wimbo ule mkavu, ndani ya kabati la nguo, kichwa katikati ya makoti. Hilo peke yake lingekuwa ujanja wa kawaida tu, na wao ndio walioanza.

Lakini wiki moja kabla, nikampa Janet madoido yangu yote. Nilijiambia ninamsaidia. Nilijiambia hivyo hadi siku ile shada lilipofika nyumbani. Ndani yake mlikuwa na kadi, Bwana Ormerod kwa kuchanganyikiwa alisahau kuitoa. Imeandikwa: "Kwa Hilda, kwa miaka mingi ya utumishi. Sasa pumzika." Nilipoisoma nikaelewa hesabu yote. Walipomkataa nambari mbili, Muriel, walikuwa wananikataa mimi. Mtoto alibeba adhabu yangu, na sasa anabeba na samaki.

Umeniuliza umjibu nini. Sijui. Mimi mwenyewe simwangalii vizuri tangu Novemba.

Na jingine, la Jumatano iliyopita. Nilikuwa chumba cha nyuma nikipimwa gauni la Zelinda. Ni lilelile la mwaka arobaini na sita, na limeongezwa vitambaa pande zote mbili mpaka sasa nusu yake ni pazia. Harold alitaka kuzoea mtumbwi. Mtumbwi wetu una magurudumu, na unavutwa kwa kamba na watu wawili waliojificha. Wakamwambia Janet asimame ndani badala yangu ili Harold apate mtu wa kumwimbia. Nikiwa na pini kiunoni nikamsikia Janet anaimba ule wimbo. Hakuna aliyemwambia aimbe kwa namna yoyote, kwa hiyo aliuimba kivyake, mtupu, ukanyooka.

Nilidhani ni wewe. Nilitoka na pini zangu, nikakuta wavutaji wameachia kamba wanasikiliza, na mtumbwi umerudi wenyewe nyuma ya jukwaa na wote wawili ndani yake, Harold bado amenyoosha mkono.

Nikamwambia Janet amesimama vibaya. Akasema, "Ndiyo, Mama Mkubwa."

Sheria ni sheria. Tangazo limeshabandikwa hadi kituo cha reli, na jina langu liko juu kwa herufi kubwa. Nina miaka hamsini na minne, na baada ya hapa hapana kingine, watanipa kikapu cha samaki. Siwezi kwenda kusimama mbele ya Stanley Ormerod nikasema nilidanganya. Usinitake nifanye hivyo.

Hilda


Thornclough,
Jumapili, 23 Machi 1969

Mpendwa Muriel,

Natumaini nyote ni wazima. Theluji imeyeyuka na chini yake tumekuta glavu tatu na meno ya bandia ya mtu asiyejulikana. Mimi sijambo sasa, lakini niliugua.

Onyesho letu lilikuwa la Jumatatu hadi Jumamosi. Jumatatu asubuhi, kwenye kifungua kinywa, nilifungua mdomo niombe jamu, na sauti haikuja. Hata kidogo. Nikamwonyesha Janet koo kwa kidole. Akachungulia kwa kijiko, kama walivyomfundisha hospitalini. Akatazama muda mrefu sana, Muriel. Kisha akaweka kijiko chini akasema, "Naona. Ni baya."

Tukamwita Bwana Ormerod. Nikamwandikia kwenye kibao: KOO. Alikaa kwenye kiti changu kizuri akaanza kukunja kofia yake. Unajua kwetu hatuweki mtu wa akiba, maana kumweka ni sawa na kumwombea mwimbaji mkuu ugonjwa. Akasema, "Tumekwisha. Nani anayejua maneno yote?" Nikaandika: ALIYENISIKILIZA MANENO JIKONI TANGU NOVEMBA. Akamtazama Janet. Akasema, "Lakini huyu si alikuwa nambari mbili?" Nikaandika: STANLEY, MSIKILIZE BILA SHUKA.

Gauni tulilibana kwa pini, tukatoa vitambaa vyote vya pande mbili, likarudi lilivyokuwa.

Mimi wakanikalisha kwenye kona ya jukwaa nishike kitabu, nimnong'oneze atakayesahau, kwa kuwa mwenye kazi hiyo alikuwa na mafua. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu asiye na sauti hafai kazi hiyo, na mimi sikuweza kuwaambia.

Nisikufiche, sehemu ya kwanza sikuitazama. Nilitazama kitabu. Kila mstari aliousema nilikuwa nimeshausema mimi moyoni kabla yake, na moyo uliniuma kweli, kama jino. Wimbo ulipofika nikainua kichwa. Ile sauti ya juu aliipanda bila pumzi kusikika, na ukumbi ukanyamaza hata watu wa peremende wakaacha kufungua karatasi. Na mimi, ambaye sijawahi kunyamaziwa hivyo hata mara moja katika miaka ishirini na miwili, nililia ndani ya kitabu. Nilifurahi. Andika hilo mahali, maana huenda nikalikana.

Sehemu ya pili Harold alisahau. Ni pale mwana wa mfalme anapopiga goti na kusema, "Taji sina tena, nina wewe tu." Alipiga goti, goti likalia, na maneno yakamtoka kichwani. Akanitazama. Nikamwonyesha koo langu. Akaendelea kunitazama. Janet akatabasamu kwa mahaba mara ya tatu. Harold akaanza kutoka jasho na wigi likaanza kuhama. Ningefanya nini? Nikamtupia mstari wake, Muriel, kwa sauti nzima iliyojaa afya, nikasikika hadi safu ya sita.

Bwana Ormerod alikuwa amesimama nyuma yangu. Alingoja pazia literemke. Ndipo akauliza, "Koo limepona, Hilda?"

Nikamwambia, "Kwa mstari mmoja tu."

Akatazama viatu vyake. Akasema, "Basi likupe taabu mpaka Jumamosi."

Jumamosi, kama kawaida, mashada yakapitishwa jukwaani kwa mkono. Janet alipata kumi na moja. Mimi rekodi yangu ni tisa, na moja kati ya hayo nilijitumia. Alipomaliza kuinama akaja konani akanipa moja, akanong'ona, "Mama Mkubwa, pumzi yangu ilisikika?" Nikamwambia haikusikika. Na Bwana Ormerod naye akanipa maua ya manjano. Nilitafuta kadi ndani yake na haikuwamo.

Mwambie mtoto alikosea wapi ukitaka. Mimi sijathubutu.

Dada yako,
Hilda


Te Awamutu,
Pasaka, 6 Aprili 1969

Mpendwa dada yangu Hilda,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye sanduku la barua barabarani, na nikaisoma tena zizini, na Ted akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, kuna mtu amepona.

Pole kwa koo. Nasikia maumivu yake, kwa kuwa mimi liliwahi kunipata lilelile. Na langu lilinishika asubuhi, nikaonyesha kwa kidole vilevile. Mama alichungulia kwa kijiko akasema ni baya. Nadhani mama aliona kilichokuwepo, kama Janet alivyoona.

Sikutaka kukuambia kamwe. Lakini umeandika neno "nilidanganya" mwezi wa Februari, na siwezi kukuacha na neno hilo peke yako. Ile telegramu kwamba Walter, mchumba wako, ameuawa vitani ilikuja mwezi wa Aprili mwaka arobaini na tano, na mpaka majaribio yale ulikuwa hujala chakula cha maana wala hujatoka nje ila kwenda kazini. Jambo moja tu ulilolitaja kwa hiari yako mwaka ule mzima lilikuwa Zelinda. Bwana Ormerod, wakati huo akiwa karani tu, alikuja kuniambia wiki moja kabla kwamba nafasi ni yangu. Nilifikiri siku mbili. Nisikufiche na mimi: siku ya pili nilikuchukia. Kisha nikaugua.

Ulipanda kwenye ule mtumbwi ukiwa mifupa mitupu, na ulipotelemka uliomba sandwichi. Mimi nilikuwa safu ya nyuma. Nilibeba kikapu hichohicho cha samaki, na natumaini wamebadilisha karatasi. Sikuweza kubaki nikakutazama ukiimba pale mbele kila mwaka, kwa hiyo Ted aliposema New Zealand nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Watu walidhani ni mapenzi. Baadaye yakawa.

Kwa hiyo tusidaiane, Hilda. Ulimnyang'anya binti yangu kitu, ukamrudishia kwa njia ileile ambayo kilitoka kwangu kwenda kwako, na hukujua. Nimecheka hadi ng'ombe wakageuka. Kisha nimelia, na hilo pia liandike mahali.

Ted anauza ndama kumi mwezi wa Mei. Nataka kuja Machi ijayo, nikae safu ya sita.

Janet nimemjibu. Nimemwambia hakukosea popote, ila ukoo wetu una makoo mabovu, yanakauka bila onyo asubuhi ya siku kubwa. Tafadhali usimsahihishe. Mwache aamini hivyo, maana huenda siku moja naye akamhurumia mtu, na atahitaji cha kusingizia.

Mdogo wako,
Muriel